Jinsi ya Kumwambia Jirani wa Miaka 81 Awaondoe Heroe Wake

Hongera, ndugu mjumbe. Ulifanya kazi miaka arobaini, ukauza nyumba yako ya kaskazini kwenye theluji, ukahamia Florida ucheze gofu asubuhi na karata jioni. Kisha ukaenda kwenye mkutano mmoja wa wenye nyumba. Mwenyekiti akauliza nani atajitolea kusimamia masharti ya mtaa, ukumbi mzima ukatazama sakafu, na wewe peke yako ukasahau kutazama sakafu. Sasa mamlaka yako yanafika kwenye urefu wa nyasi, rangi ya milango, mapipa ya taka, na kila heroe wa plastiki aliyesimama kati ya lango kuu na kiwanja cha gofu.

Kazi hii ina heshima zake, na ikifanywa vibaya itakumalizia marafiki kabla msimu wa vimbunga haujaisha. Mwongozo huu nimeuandika kwa tabasamu, maana ni vigumu kuwazungumzia watu wazima wanaogombania sanamu ya kizee chenye kofia nyekundu huku umekunja uso mwanzo hadi mwisho. Lakini kila agizo lililomo nalimaanisha.

Kwanza ujue umeshika nini. Nchini Marekani, mitaa mingi iliyojengwa kwa mpango mmoja huuzwa pamoja na masharti yaliyosajiliwa kwenye kumbukumbu za ardhi za kaunti. Masharti hayo yanaambatana na kiwanja, hayamwangalii mwenyewe ni nani. Aliyenunua kwanza aliyakuta, aliyenunua kwake akayarithi, na mtoto atakayeachiwa nyumba atayakuta yanamsubiri mlangoni. Humo ndimo imeandikwa kama uzio unaruhusiwa, gari lenye tangazo la biashara lilale wapi, nyumba ipakwe rangi zipi, na mjukuu akija likizo akae siku ngapi.

Miji ya wastaafu imejengwa juu ya karatasi hizo. Youngtown, Arizona, ilianza mwaka 1954. Jirani yake, Sun City, ilifunguliwa na mkandarasi Del Webb tarehe 1 Januari 1960, na siku chache za kwanza walimiminika watu wapatao 100,000 kwenda kuona nyumba za mfano, bwawa la kuogelea na kiwanja cha gofu. Huko Florida ya kati, The Villages ilianza kama kiwanja cha nyumba za kuhamishika. Kati ya sensa ya 2010 na ya 2020 eneo lake ndilo lililokua kwa kasi kuliko maeneo yote ya miji Marekani, likafika karibu watu 130,000. Huko watu huenda sokoni, kanisani na kwa daktari kwa vigari vya gofu. Hao wote, siku ya kununua nyumba, waliyachukua na masharti yake, na wengi wao huenda hawakuyasoma.

Niseme mapema niko upande gani: masharti haya nayapenda. Mzee aliyeweka akiba yake yote kwenye nyumba moja hana mshahara mwingine wa kufidia hasara. Jirani akifungua karakana ya pikipiki kwenye njia ya gari, au akiiacha nyumba ivuje hadi ukungu upande kwenye kuta, anayepoteza ni yule wa pembeni, mwenye miaka 76, ambaye hawezi kuanza upya. Anayeyasimamia masharti anamlinda mtu huyo. Ila ulinzi huo una sharti lake moja, nalo ni zito kuliko yote yaliyosajiliwa kaunti: uwe wa kila mtu, kwa kipimo kilekile. Wazee walisema sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Mjumbe anayekata upande mmoja afadhali aurudishe msumeno stoo akacheze gofu.

Sasa kazi ianze, na inaanzia mezani. Kaa chini usome hati yenyewe, yote, hadi ukurasa wenye mihuri. Usitegemee kumbukumbu ya mwenyekiti wa zamani, wala kauli ya "hapa siku zote tumefanya hivi." Katika mji mkubwa kama The Villages, kila kitongoji kilisajiliwa na masharti yake. Sanamu inayokatazwa upande huu wa barabara inaweza kuwa halali upande wa pili, na mwenye nyumba anayejua hilo atakuaibisha mbele ya watu, tena atakuwa na haki. Piga mstari chini ya kila neno linalopimika: futi, inchi, siku, saa. Neno lisilopimika, kama "yenye kupendeza", liwekee alama ya swali na usimtoze mtu faini kwa sababu yake. Uzuri wa bustani kila mtu anaupima kwa macho yake, na macho yako yana mashaka sawa na ya wengine.

Ukimaliza hati, soma kilicho juu ya hati. Huko ndiko wajumbe wapya wanakoanguka. Mwaka 1996 mamlaka ya mawasiliano ya Marekani iliweka kanuni inayomlinda mwenye nyumba anayefunga dishi la televisheni lisilozidi mita moja, hata kama masharti yanasema madishi marufuku. Sheria ya Florida inamruhusu mtu kupeperusha kwa heshima bendera ya taifa isiyozidi futi 4.5 kwa 6. Sheria hiyohiyo ya jimbo haikubali masharti yazuie mitambo ya jua, na kamba ya kuanikia nguo inahesabiwa pamoja na mitambo hiyo. Narudia, kamba ya nguo. Kuna mabibi Florida walioishi miaka mingi wakiamini kwamba kuanika shuka juani ni kosa, kwa kuwa mjumbe fulani aliyejiamini aliwaambia hivyo, na jua la kule linakausha shuka ndani ya nusu saa. Bustani ya mimea inayohitaji maji kidogo nayo inalindwa. Ukimwandikia mtu barua kwa sababu ameng'oa nyasi akapanda mimea ya kienyeji inayostahimili ukame, unamwadhibu kwa kutii jimbo lake.

Kuna historia nyingine ambayo mjumbe lazima aijue, na hii haina kicheko. Masharti ya hati yalitumika kwa miongo mingi kuwafungia Weusi mlango. Yaliandikwa wazi, kwa wino, kwamba nyumba hii isiuzwe kwao wala wasiishi humo. Mwaka 1948, katika kesi ya Shelley dhidi ya Kraemer iliyotokea St. Louis, Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba mahakama haziwezi kutumika kutekeleza masharti ya namna hiyo. Mwaka 1968 ikaja sheria ya makazi ya haki, na ubaguzi wenyewe katika kuuza na kukodisha nyumba ukapigwa marufuku. Kwa hiyo ukishika kalamu yenye uwezo wa kumwambia mtu nyumba yake haikubaliki, kumbuka kalamu ya aina hiyo ilishafanya nini. Ukiona barua zako za mwaka zimeelekea kwa wenye lafudhi ya kigeni, au kwa wachache walio na ngozi tofauti na ya wengi, simama. Kazi ya siku hiyo imegeuka, na sasa kazi ni kujichunguza wewe na kamati yako.

Baada ya karatasi, miguu. Toka asubuhi kabla jua halijawa kali, na nyumba ya kwanza kukagua iwe yako. Nenda hadi barabarani, geuka, itazame kama unavyomtazama mtu mliyekosana. Sanduku la barua limeinama? Pipa la taka linaonekana kutoka barabarani? Lile bomba la kumwagilia uliloliacha juu ya majani tangu Jumapili? Andika. Nyumba ya pili iwe ya mwenyekiti, ya tatu ya mweka hazina. Andika vilevile. Kisha upite mtaa mzima, nyumba kwa nyumba, pande zote mbili, siku hiyohiyo, na futikamba ileile.

Daftari lako liwe na safu chache tu: namba ya nyumba, kilichoonekana, kifungu cha hati, tarehe. Safu ya jina usiweke. Jina likiwepo, mkono huanza kusitasita, maana huyu ni mwenzako wa karata, yule alikupita kwa kigari cha gofu bila salamu. Namba 14 haina urafiki na mtu. Kwenye ukaguzi wa namna hii utagundua jambo litakalokushangaza: heroe wa yule bibi wa miaka 81, waliolalamikiwa mara chungu nzima, si peke yao. Nyumba tatu mbele kuna chura wa shaba. Kwenye kona kuna kobe wawili wa saruji na jiwe lililochorwa jina la ukoo. Kwa mwenyekiti, karibu kabisa na mlango, kuna bata mweupe anayevalishwa nguo za sikukuu.

Hapo ndipo penye kesi yako, na mahakama za Florida zimeshaizungumzia. Kulikuwa na jengo la nyumba za ghorofa liitwalo White Egret, lililokuwa na sharti kwamba watoto chini ya miaka 12 wasiishi humo. Uongozi ukataka kulitekeleza dhidi ya mmiliki mmoja. Kesi ilipanda hadi Mahakama Kuu ya Florida, na mwaka 1979 ikaamuliwa. Majaji hawakuona ubaya kwenye sharti lenyewe wakati ule. Walichoona ni kwamba watoto wengine walikuwa wakiishi kwenye jengo hilohilo bila kuguswa, na kwamba uongozi ulichagua wa kumbana. Uongozi ukakosa haki ya kulitumia sharti hilo dhidi yake. Bata wa mwenyekiti, kwa hiyo, anafanya kazi usiyoiona: kila siku anayokaa pale mlangoni bila barua, anawatetea bure heroe wa bibi mbele ya jaji yeyote mwenye akili. Anza na bata.

Utaniambia huna nafasi ya kukagua nyumba zote, utangoja malalamiko yaje. Mitaa mingi hufanya hivyo. Kule The Villages, ambako usimamizi wa masharti katika maeneo mengi uko chini ya wilaya maalumu za maendeleo zinazotambuliwa na sheria ya jimbo, kazi huanza mtu akilalamika. Njia hii ni rahisi na ina sumu. Mwenye maadui hukamatwa, mwenye marafiki hupita. Mgeni aliyehamia juzi, asiye na mtu wa kumtetea kwenye meza ya chakula cha jioni, ndiye hupata barua ya kwanza. Na hutokea kila mtaa mtu mmoja ambaye kustaafu kumemwachia saa nyingi kuliko shughuli, anayezunguka polepole na simu mkononi akipiga picha bustani za watu. Usimchukie. Mara nyingi ni mpweke, na wakati mwingine anachosema ni kweli. Ila usimfanye kuwa macho yako.

Mji huohuo wa The Villages ulishuhudia jambo hili likikua hadi mbali. Mume na mke waliambiwa waondoe msalaba mdogo mweupe uliokuwa kwenye bustani yao, kwa kuwa masharti ya eneo lao yanakataza mapambo ya uwanjani. Walikataa. Walisema mapambo yako kila upande na wao ndio wamechaguliwa. Mambo yakapanda hadi faini na mahakama, na nchi nzima ikawa inazungumzia kitu kinachoingia kwenye mfuko wa kununulia mboga. Mimi sisemi nani alistahili kushinda. Nasema kwamba barua iliyokwenda siku moja kwa kila nyumba yenye pambo, liwe msalaba, chura au bata, ingemwondolea kila mtu nafasi ya kuamini kwamba imani yake ndiyo iliyoandikiwa barua.

Hivyo basi, lalamiko likikufikia, lichukue kama mtu aliyekuonyesha barabara. Mwulize mlalamikaji jina lake, ulitunze kwa siri kadiri sheria inavyokuruhusu. Kisha nenda ukaikague barabara yote kwa kosa lile lile. Ukikuta nyumba tisa, andikia tisa. Ukikuta mlalamikaji mwenyewe ni wa kumi, na hutokea mara nyingi kuliko unavyofikiri, mwandikie naye, kwa maneno yale yale, bila kuongeza chumvi.

Kabla ya barua lakini, bisha hodi. Kama ungekuwa na nafasi ya kushika agizo moja tu kwenye mwongozo huu, ningekuomba ushike hili. Mtaa wa wastaafu si mtaa wa vijana waliokosa nidhamu. Nyasi zikifika magotini kwa mzee ambaye miaka kumi alizikata kila Ijumaa, kuna kilichotokea ndani ya nyumba. Labda mume yuko hospitali mjini na mke hajui mashine inavyowashwa. Labda mke amefariki, na mgane hajafungua pazia tangu mazishi. Labda macho yameanza kwenda na rangi ya mlango haioni tena kama unavyoiona wewe. Pipa la taka lililokaa barabarani siku nne mfululizo linaweza kuwa la mtu aliyeanguka bafuni. Mkaguzi mwenye moyo anaweza kuwa mtu wa kwanza kujua, kabla ya watoto walioko majimbo ya mbali.

Nenda mchana, saa za adabu, umevaa kama jirani. Acha ubao wa kuandikia kwenye kigari. Ongeeni kwanza habari za nyumbani. Mmarekani naye ana habari za nyumbani ukimpa nafasi. Mwambie ulichokiona na kifungu kinachohusika, umwulize kama kuna shida. Kisha unyamaze. Wajumbe wengi huharibu hapo, kwa kuwa kimya kinawatisha wanaanza kutaja faini. Kivumilie hicho kimya. Yule bibi akipata nafasi, huenda akakueleza kwamba heroe wale wawili, mmoja kichwa juu na mwingine ameinama kama anayekula, aliletewa na mumewe mwaka walioana. Ndege hawa walibuniwa mwaka 1957 na mchongaji Don Featherstone, katika kiwanda cha plastiki kule Leominster, Massachusetts, na waliuzwa wawili wawili. Ukiyajua hayo, kifungu hakibadiliki hata nukta. Kinachobadilika ni sauti yako unapokisoma, na sehemu mnayoweza kuwahamishia ndege hao, mathalani varanda ya nyuma, ambako hati yenyewe haina neno nao.

Barua ikibidi, iandike kama utakayeisoma kwa sauti mbele ya watoto wa mpokeaji. Nimeona barua zinazoanza na maneno mazito ya kisheria yaliyokolezwa wino, na faini mstari wa pili. Mzee akiisoma barua kama hiyo saa moja jioni hapati usingizi. Andika hivi: "Jirani mpendwa, tarehe 3 tulikagua nyumba zote za barabara hii. Kwenye nyumba namba 14 tuliona mapambo mawili ya bustani, ambayo kifungu cha 2.9 hakiruhusu upande wa mbele. Nyumba nyingine sita zimepata barua hii. Tunakuomba uyahamishe kabla ya tarehe 24. Ukihitaji mtu wa kukusaidia kubeba, au kama kuna sababu tunayopaswa kuijua, piga namba hii." Tumia herufi kubwa za kusomeka bila miwani. Ile sentensi ya nyumba nyingine sita usiifute kamwe. Ndiyo inayomwezesha mtu kulala.

"Sababu tunayopaswa kuijua" ina uzito wa kisheria pia. Sheria ya makazi ya haki ilipanuliwa mwaka 1988 ikawalinda wenye ulemavu. Mkazi akiomba njia ya mteremko kwa ajili ya kiti cha magurudumu, usimjibu kwamba muundo wa mbele ya nyumba haubadilishwi. Akiwa na mbwa anayemsaidia kwa sababu ya ulemavu, usimsomee kifungu cha mifugo, maana kisheria mbwa huyo hahesabiwi mnyama wa kufugwa. Kutenda haki hapa ni kumpa aliyepungukiwa kile kitakachomfikisha mlangoni sawa na wengine. Asiyeelewa hilo husema "nikimruhusu huyu, wote watataka," kana kwamba mtaa mzima unatamani kiti cha magurudumu.

Na hapa yupo mtu ambaye wasomaji wengi wa Kiswahili wanamjua kwa karibu, kwa kuwa ni dada yao, shemeji yao, au wao wenyewe: mhudumu anayelala kwa mzee. Wengi kutoka Kenya, Tanzania na nchi jirani wanaifanya kazi hiyo Marekani. Ana miaka 34, mtaa ni wa miaka 55 na kuendelea, na kigari chake hakina stika ya mkazi. Mjumbe mpya akimwona mara tatu anakimbilia daftari. Rudi polepole. Sheria ya mwaka 1995 ya makazi ya wazee inataka angalau asilimia 80 ya nyumba zinazokaliwa ziwe na mtu mmoja mwenye miaka 55 au zaidi, na kanuni zake haziihesabu dhidi ya mtaa nyumba anamoishi mhudumu wa lazima kwa mkazi mwenye ulemavu. Dada huyo anampa mzee dawa saa nane usiku. Msalimie, mwombe jina, mwandikishe kwenye kitabu cha wakazi ili mlinzi wa lango aache kumsimamisha kila akitoka dukani.

Kuhusu wajukuu, Youngtown ilijifunza kwa gharama. Babu na bibi walimpokea mjukuu aliyekimbia matatizo ya kwao, mji ukawabana kwa kanuni ya umri. Mwanasheria Mkuu wa Arizona alipoingia kati, ilionekana kanuni yenyewe haikuwekwa kwa utaratibu halali, na mwaka 1998 mji ule wa kwanza wa wastaafu ukapoteza kikwazo chake cha umri kabisa. Kikwazo kilichodumu miaka mingi kikaondoka kwa kijana mmoja aliyehitaji pa kulala. Matatizo ya familia hayangoji mtu afikishe miaka 55.

Ikiwa umebisha hodi, umeandika, umengoja, na heroe bado wamesimama, sasa ndipo uongee faini. Kwa vyama vya wenye nyumba vya Florida sheria imeweka mipaka, na ni mizuri. Faini haizidi dola 100 kwa kosa kwa siku, na jumla haizidi dola 1,000, isipokuwa hati za chama zinasema vingine. Lazima mtu apewe taarifa siku 14 kabla, na nafasi ya kusikilizwa mbele ya watu wasiopungua watatu ambao si wajumbe wa bodi, si waajiriwa wa chama, na si mume, mke, mzazi, mtoto wala ndugu wa hao. Watu hao wakikataa faini kwa wingi wa kura, hakuna faini. Tangu mabadiliko ya mwaka 2024, kosa likirekebishwa kabla ya kikao faini haitozwi. Mabadiliko hayohayo yalizuia kumtoza mtu kwa pipa la taka lililotolewa ndani ya saa 24 kabla au baada ya siku ya kuzoa, na yakataka mwenye mapambo ya sikukuu apewe wiki nzima baada ya taarifa. Wabunge walilazimika kuliandika hilo la pipa kwenye sheria, maana yake kuna mjumbe aliyemtoza mtu faini kwa pipa la saa moja asubuhi. Usiwe wewe.

Wale watatu wa kusikiliza uwachague kwa makini kuliko unavyomchagua daktari. Awepo mmoja aliyewahi kupata barua. Kikao kifanyike chumba chenye mwanga na viti vyenye mikono, mchana, maana wengi hawaendeshi usiku. Mkazi aruhusiwe kuja na mwanawe, mhudumu wake au rafiki wa karata. Daftari lako uliweke mezani mbele yake, lifunguliwe, aone mwenyewe namba za nyumba zote zilizopata barua, na ya mwenyekiti ikiwemo.

Halafu kuna siku ambapo daftari litakuambia kwamba nyumba 40 kati ya 60 zimevunja kifungu kimoja. Hapo usinunue bahasha zaidi. Watu wamekwisha kupiga kura kwa vitendo, na kazi yako ni kuwapa karatasi za kuipiga rasmi. Kwa Florida, hati isiposema vingine, masharti hubadilishwa kwa theluthi mbili za kura za wenye nyumba. Tangaza mapema. Karatasi ya kura iwe na swali moja tu, kwa herufi kubwa: mapambo yaruhusiwe mbele ya nyumba kwa idadi na urefu uliotajwa hapa, ndiyo au hapana? Wasiotoka nyumbani wapelekewe karatasi mlangoni, na watu wawili wasiokubaliana ndio wazipeleke. Kura zihesabiwe mchana ukumbini, milango wazi.

Ikipita, peleka mabadiliko kaunti yakasajiliwe wiki hiyohiyo, na futa barua zote zilizobaki za kifungu cha zamani. Isipopita, kila nyumba yenye pambo ipate tarehe moja ya mwisho, siku moja, kwa barua moja. Kwa mwenyekiti ipeleke kwa mkono, umsaidie kumbeba bata.